Detroit City: Klabu ya mtaani iliyokopa kwa mashabiki wake

Jioni ya Mei 20, 2016, watu 7,410 walipita milango ya uwanja wa Keyworth katika mji mdogo wa Hamtramck, jimbo la Michigan nchini Marekani. Walikwenda kutazama mechi ya ligi ya ridhaa kati ya Detroit City na AFC Ann Arbor. Wachezaji wengi wa ligi hiyo ni vijana wa vyuo wasiolipwa mshahara. Mechi haikuwa ya fainali, na hakukuwa na nyota wa kimataifa.

Hata hivyo, kwa wakazi 527 wa jimbo hilo jioni ile ilikuwa na uzito wa pekee. Hao walikuwa wametoa fedha zao mfukoni, jumla ya dola 741,250 za Marekani, wakaikopesha klabu ili ikarabati uwanja uliokuwa umechakaa. Uwanja wenyewe haukuwa mali ya klabu bali ya shule za umma za mji. Fedha hizo zilikuwa zirudishwe kutokana na mapato ya klabu, na chanzo kikubwa cha mapato ya klabu ya namna hiyo ni watu wanaoingia mlangoni. Milango ingekuwa mitupu, marejesho yangetoka wapi?

Habari ya namna klabu hiyo ilivyofika hapo inawahusu hata wasiofuatilia soka. Ni habari ya biashara ndogo iliyoanza na mtaji mdogo katika jiji lililokuwa likididimia, ikakua bila kumtegemea tajiri mmoja, na ilipobanwa na ukosefu wa miundombinu ikawageukia wateja wake yenyewe badala ya benki.

Jiji lililokimbiwa

Detroit ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utengenezaji wa magari duniani. Mwaka 1950 jiji hilo lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta wamebaki wapatao 714,000. Viwanda vilifungwa au kuhamishwa, wenye kipato wakahamia miji ya pembezoni, na kodi iliyokuwa ikiendesha huduma ikapungua mwaka hadi mwaka. Julai 2013 uongozi wa jiji ulikwenda mahakamani kutangaza kufilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18 au zaidi. Halijapata kufilisika jiji kubwa kuliko hilo katika historia ya Marekani.

Katika mazingira hayo, mwaka 2010 kijana mmoja aitwaye Sean Mann alianzisha ligi ya bonanza ya mitaa ya Detroit. Kila mtaa uliunda timu yake. Lengo halikuwa vikombe. Lengo lilikuwa majirani wafahamiane, watembelee mitaa ya wenzao na waache fedha zao katika maduka na migahawa ya humo humo jijini. Ligi hiyo ilipata watu kuliko ilivyotarajiwa, na jambo hilo likawapa waanzilishi taarifa ambayo mfanyabiashara yeyote angeilipia: walijua sasa kwamba wateja wapo, wanaishi wapi, na wanapenda nini.

Miaka miwili baadaye, yaani 2012, Mann na rafiki zake wanne walianzisha Detroit City FC. Wote walikuwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki. Klabu waliiendesha jioni na mwisho wa wiki. Walichagua rangi ya damu ya mzee na dhahabu, na klabu ikapewa jina la utani la Kifaransa lenye maana ya "wekundu", kwa kuwa Detroit ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1701.

Msimu mfupi, matumizi madogo

Ili kuelewa uamuzi wao wa kwanza, ni lazima kuelewa soko la soka la Marekani. Tofauti na nchi nyingi, huko hakuna kupanda wala kushuka daraja. Klabu inayoshinda ligi ya chini haipandi kwa kushinda. Anayetaka kucheza ligi kuu ya MLS hununua nafasi, na bei ya nafasi hiyo imekuwa ikipaa. Mwaka 2013 klabu mpya ya New York ilitajwa kulipa dola milioni 100. Mwaka 2019 Charlotte ilitajwa kulipa dola milioni 325, na mwaka 2023 San Diego ikafikia dola milioni 500.

Marafiki watano wasingeweza hata kuota kiasi hicho. Waliingia NPSL, ligi ya ridhaa inayohesabiwa kuwa katika ngazi ya nne, ambayo ada na masharti yake hulingana na uwezo wa watu wa kawaida. Ligi hiyo huchezwa kuanzia Mei hadi Julai, wakati vyuo vimefungwa. Wanafunzi wanaocheza mpira wa vyuo hawapokei mshahara humo ili wasipoteze sifa ya kuchezea vyuo vyao.

Kwa upande wa mahesabu, utaratibu huo una faida na hasara. Faida ni kwamba gharama kubwa kuliko zote katika soka, yaani mishahara ya wachezaji, haipo. Zinabaki usafiri, vifaa, kodi ya uwanja, waamuzi na ulinzi. Hasara ni kwamba mechi za nyumbani ni chache mno, na msimu ukiisha mauzo ya tiketi yanakoma. Mkulima wa zao la msimu anaielewa hali hii bila kufafanuliwa. Fedha huingia kwa miezi mitatu, ilhali matumizi hayaishi kwa miezi kumi na miwili. Mvua ikinyesha siku mbili za mechi, sehemu kubwa ya mavuno imekwisha kupotea.

Waanzilishi walilikabili tatizo hilo kwa njia tatu. Kwanza, walibana matumizi yasizidi kinachoingia. Pili, waliuza tiketi za msimu mzima kabla ya msimu kuanza, ili fedha za maandalizi zipatikane mapema. Tatu, waliuza jezi, skafu na fulana, bidhaa ambazo hazingoji siku ya mechi na wala hazihitaji kiti uwanjani. Kwa wadhamini walizifuata zaidi biashara za pale pale jijini, ambazo wamiliki wake wenyewe walikuwa miongoni mwa watazamaji.

Uwanja wa shule wajaa

Mechi za nyumbani zilichezwa katika uwanja wa sekondari ya ufundi ya Cass, karibu na katikati ya jiji. Msimu wa kwanza mechi ziliweza kuvuta watu zaidi ya elfu moja, idadi ambayo klabu nyingi za ngazi hiyo huisikia tu. Mwaka 2013, msimu wa pili, timu iliongoza kundi lake la Maziwa Makuu.

Pamoja na matokeo hayo, kilichowaleta watu zaidi kilikuwa jukwaani. Kundi la mashabiki waliojiita Northern Guard lilijipanga upande mmoja wa uwanja likiwa na ngoma, bendera na moshi wa rangi, likiimba dakika zote tisini hata timu ikifungwa. Uongozi haukuwalipa mashabiki hao wala kuwatungia nyimbo. Uliwaacha huru, nao wakaifanya mechi ya ridhaa kuwa tukio ambalo mtu asiyejua hata kanuni ya kuotea angependa kuliona. Aliyekuja mara moja alirudi na jirani yake. Kwa lugha ya soko, wateja waligeuka kuwa sehemu ya bidhaa na papo hapo wakawa watangazaji wake wa bure.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta tatizo. Kufikia msimu wa 2015 watazamaji walifika maelfu, na uwanja wa shule ukaelemewa. Kila mtu anayekosa nafasi ni mauzo yaliyopotea, na tena ni mauzo yasiyoweza kuwekwa ghalani. Kiti kisichouzwa siku ya Ijumaa hakiuziki Jumamosi. Kiti kisichokuwepo ni hasara hiyo hiyo kwa sura nyingine.

Klabu ilikuwa njia panda. Kubaki Cass kulikuwa na usalama, lakini kipato kingegota pale pale. Kujenga uwanja mpya kulihitaji mamilioni ambayo haikuwa nayo. Ikabaki njia ya tatu, kukodi jengo la zamani na kulifufua.

Keyworth: jengo la 1936

Hamtramck ni mji wenye serikali yake, lakini umezungukwa karibu pande zote na Detroit. Mwaka 2010 ulikuwa na wakazi wapatao 22,000 katika eneo dogo sana. Kwa miongo mingi ulijulikana kama mji wa wahamiaji kutoka Poland waliofanya kazi katika viwanda vya magari. Katika miaka ya karibuni wameongezeka wahamiaji kutoka Yemen na Bangladesh, hata maduka ya mikate ya Kipolandi yakawa jirani wa migahawa ya Kiarabu na ya Kibengali.

Uwanja wa Keyworth ulijengwa mwaka 1936 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kwa mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira. Rais Franklin Roosevelt mwenyewe alifika kuuzindua Oktoba mwaka huo. Miaka karibu themanini baadaye, zege la majukwaa lilikuwa limepasuka na sehemu nyingine hazikufaa kukaliwa na watu. Shule za Hamtramck hazikuwa na fedha za ukarabati, kwani mji nao ulikuwa na matatizo yake ya hazina.

Hapo kukawa na makutano ya mahitaji. Shule zilikuwa na jengo bila fedha. Klabu ilikuwa na wateja bila jengo. Walikubaliana kwamba klabu ikodi uwanja na isimamie ukarabati, huku wanafunzi wakiendelea kuutumia. Kilichobaki kilikuwa swali la nani atatoa fedha.

Fedha za watu 527

Kwa kawaida benki hukopesha kwa dhamana. Klabu hii haikuwa na ardhi wala majengo. Hata jengo iliyotaka kulikarabati lilikuwa la mtu mwingine, kwa hiyo lisingeweza kuwekwa rehani. Mikataba ya wachezaji, ambayo klabu kubwa huihesabu kuwa mali, nayo haikuwepo. Mizania yake isingemshawishi ofisa mikopo yeyote.

Mlango ulifunguliwa na sheria. Desemba 2013 jimbo la Michigan lilipitisha sheria iliyoruhusu kampuni ndogo za jimbo kukusanya mitaji moja kwa moja kutoka kwa wakazi wa jimbo, bila kupitia utaratibu mrefu na ghali wa soko la hisa. Ili kuwakinga wananchi, mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 10,000 katika toleo moja.

Mwishoni mwa mwaka 2015 Detroit City ilitangaza toleo lake. Kiwango cha chini kilikuwa dola 400,000 na cha juu dola 750,000. Ni muhimu kueleza ni kitu gani hasa kiliuzwa, kwa kuwa hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Hazikuwa hisa, wala haukuwa mchango wa hisani. Ulikuwa mkopo wa kurejeshwa kutokana na mapato ya klabu. Mkopeshaji hakupata kura wala sehemu ya umiliki. Alipata haki ya kudai fedha yake na nyongeza juu yake, na alibeba hatari kwamba klabu ikianguka fedha hiyo huenda isionekane tena.

Toleo lilipofungwa mwanzoni mwa 2016, watu 527 walikuwa wametoa dola 741,250. Wastani ni kama dola 1,400 kwa kila mtu. Hiki si kiasi cha sadaka ya shabiki mlevi wa furaha. Kwa mfanyakazi wa kawaida wa Detroit ni fedha ya kukaa na familia na kuijadili.

Kwa nini walikubali? Sababu ya kwanza ni kwamba waliifahamu biashara kuliko benki ilivyoifahamu. Kwa misimu minne walikuwa wamehesabu watu kwa macho yao na kuona uwanja ukijaa. Sababu ya pili ni kwamba wao wenyewe ndio waliokuwa chanzo cha marejesho. Aliyekopesha alinunua pia tiketi, na kila tiketi iliongeza uwezo wa klabu kulipa. Benki haiwezi kwenda kumnunulia mdaiwa wake mazao ili deni lilipike, lakini shabiki aweza.

Fedha zilielekezwa katika kuimarisha majukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo na taa. Muda ulikuwa mfupi, maana msimu ungeanza Mei. Mashabiki wengine walijitolea kwa mikono yao, kusafisha na kupaka rangi. Mei 20 milango ilifunguliwa, na idadi ya watu ikawa ile 7,410. Msimu huo wastani ulikuwa kama watu 5,000 kwa mechi, katika ligi ambayo timu nyingi huchezea mbele ya mamia.

Mabilionea nao wabisha hodi

Majira hayo hayo ya mwaka 2016 matajiri wawili, Dan Gilbert na Tom Gores, walitangaza mpango wa kuleta timu ya ligi kuu Detroit. Mpango wao ulihusu uwanja mpya na majengo ya biashara katikati ya jiji, kwa gharama ya dola bilioni moja. Kwa klabu ya ridhaa iliyokuwa imetoka kukopa dola 741,250, hiyo ilikuwa habari nzito. Mshindani angekuja na uwanja wa kisasa, wachezaji wa kulipwa na matangazo ya televisheni.

Hata hivyo, mpango huo ulitegemea kibali cha ligi, eneo la kujenga na makubaliano na serikali. Baadaye ukabadilishwa ili timu itumie uwanja uliopo wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Desemba 2017 ligi kuu ilitoa nafasi kwa Nashville, na Mei 2018 kwa Cincinnati. Detroit ikakosa. Wakati mipango ya bilioni moja ikisubiri saini, ngoma ziliendelea kulia Keyworth, na mwaka 2017 timu ilitwaa ubingwa wa kanda yake ya Magharibi ya Kati.

Kuvuka daraja la kulipwa

Mwaka 2020 klabu iliingia katika ligi ya kulipwa ya ngazi ya tatu, NISA. Muundo wa gharama ukabadilika mara moja, kwa sababu mishahara ambayo haikuwepo sasa ilidaiwa kila mwezi. Kabla msimu haujachanganya, janga la Uviko-19 likasimamisha michezo. Kwa biashara inayoishi kwa mikusanyiko, huo ulikuwa ukame halisi.

Safari hii klabu iliuza umiliki. Mwaka huo huo ilitoa sehemu ya hisa kwa umma, isiyozidi asilimia 10, na watu zaidi ya 2,000 walinunua. Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2019 Chattanooga FC ya jimbo la Tennessee, iliyoanzishwa 2009 katika ligi ile ile ya ridhaa, ilikusanya dola 872,850 kwa kuuza hisa kwa watu 3,253.

Detroit City ilitwaa ubingwa wa NISA, kisha mwaka 2022 ikaingia USL Championship, ligi ya ngazi ya pili. Aprili mwaka huo, katika Kombe la Wazi la Marekani, iliifunga Columbus Crew mabao 2-1 pale pale Keyworth. Columbus ndiyo iliyokuwa bingwa wa ligi kuu mwaka 2020. Mwaka 2024 klabu ilitangaza kununua eneo la hospitali iliyotelekezwa kusini-magharibi mwa jiji ili kujenga uwanja wake yenyewe, ikilenga kuufungua mwaka 2027.

Somo kwa mzalishaji mdogo

Yapo mambo katika habari hii ambayo mwenye ghala la mahindi, kikundi cha wafugaji wa maziwa au mwenye duka la pembejeo anaweza kuyapima kwa kipimo chake.

La kwanza ni mpangilio. Klabu ilipata wateja kwanza, ikajenga baadaye. Vikundi vingi hufanya kinyume: hununua mashine ya kusindika kwa mkopo, kisha huanza kutafuta malighafi na soko. Mashine hukaa bila kazi huku riba ikihesabiwa. Misimu minne ya Cass ilikuwa majaribio ya bei nafuu, na ilipofika siku ya kukopa, swali la soko lilikuwa limekwisha kujibiwa.

La pili ni kutenganisha mkopo na hisa. Mwaka 2016 klabu ilihitaji fedha kwa kazi moja yenye mwisho, ikakopa. Mwaka 2020 ilihitaji mtaji wa kudumu, ikauza sehemu ya umiliki. Kikundi kinachochukua fedha za wanachama bila kuandika kama ni mkopo, hisa au mchango hujitafutia ugomvi siku faida itakapopatikana, na ugomvi mkubwa zaidi siku ya hasara.

La tatu ni hatari yenyewe. Kumkopesha mtu unayempenda ni rahisi, na kwa sababu hiyo kunahitaji tahadhari zaidi. Kikomo cha dola 10,000 kiliwekwa kwa watu kama hao, ili mapenzi yasimalize akiba ya familia. Chama kinachokopa kwa wanachama wake kingefanya vema kujiwekea kikomo cha namna hiyo hata pale sheria isipokilazimisha.

La mwisho ni mali. Kwa fedha ile klabu ilitengeneza jengo la watu wengine. Ilipata misimu mingi ya mapato, lakini pango lilibaki kuwa pango, na ndiyo maana hatimaye ilitafuta eneo lake. Anayelima shamba la kukodi na kulichimbia kisima anapaswa kufanya hesabu ile ile kabla ya kushika sururu: mkataba ni wa miaka mingapi, na maji hayo yatalipa gharama zake katika misimu mingapi?